Sofa, Ngurumo na Pedali ya Tatu

Jumatatu, tarehe 3 juin

Leo nimeacha kazi. Kwa heshima, lakini kwa sauti ya kufika barabarani. Nilimuambia Carlos, mwenye lavaji tunapooshea magari, kwamba mutu wa kiwango changu hawezi kuzeeka na ndoo mukononi. Niliongeza kwamba ile sabuni yake ni maji yenye jina zuri. Wenzangu walicheka. Carlos alinivua kitambaa begani, polepole, akasema nisirudi pale hata kuuliza saa.

Sawa. Shofere wa Padri haulizi saa. Anayo.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua ilianzaje. Jana, mwisho wa misa, Padri Cirimwami alitangaza kwamba gari yake imekufa. Tulijua wote. Ilikufia katikati ya soko, yeye ndani, na mama wauza sambaza, wale samaki wadogo, wakaisukuma mpaka parokia wakiimba. Shofere wake wa miaka mingi akasema na yeye amefika mwisho, akarudisha ufunguo, akaenda kulima kwao. Sasa wakristo wawili wanatoa zawadi. Papa Kambere, muzee wa Butembo, muuza misumari na mabati, anatoa jipu yake. Iko juu kama ngazi, na ikiwaka hapa, vikombe vya Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, vinatikisika. Nimeipa jina Ngurumo. Mama Marie-Louise, muuza vitenge kutoka upande wa Bukavu, anatoa hibridi yake. Hiyo inakunywa esansi, yaani petroli, lakini pia unaichomeka kwa prizi kama telefone, inashiba umeme, kisha inatembea bila sauti. Viti vyake vinapasha makalio moto. Hiyo nimeiita Sofa. Parokia haiwezi kulisha magari mawili. Baraza ya parokia itachagua moja, Jumanne ya juma lijalo.

Na gari mupya inataka shofere mupya. Nilikwenda kwa Padri mbele ya watu wote. Nilimuambia nina uzoefu wa miaka mitatu kwa magari ya kila aina. Si uongo. Nimeyaosha.

Sasa siri, na haitatoka ndani ya daftari hii. Naendesha otomatiki tu. Kwa Carlos nilikuwa nasogeza magari ya wateja kutoka mulangoni mpaka penye maji: metre kumi mbele, metre kumi nyuma. Ukijumlisha miaka mitatu, nimefika Kisangani. Lakini gari yenye pedali tatu, sijui. Mungu alimupa mutu miguu miwili, na mimi siwezi kubishana na Mungu.

Sofa ni otomatiki. Ngurumo ina pedali tatu. Sofa ikishinda, kazi ni yangu. Ngurumo ikishinda, kazi ni ya Cédrick, ambaye anaendesha lori ya Papa Kambere njia ya Butembo na anakula mukate kwa ule mukono wa kubadilisha vitesi, zile gia.

Jioni nilimukuta Mama amekwisha kuambia shirika lote, yaani familia zote za avenue yetu tunaosali pamoja, kwamba mutoto wake Fiston ni shofere wa Padri. Amenishonea shati jeupe.

Jumanne, tarehe 4 juin

Nimeanza kampeni. Shirika lilisali kwa Mama Marie-Louise, na baada ya sala nikaomba neno.

Nilianza na mugongo wa Padri. Nilisema kila mutu anajua jinsi anavyopanda altare akishika kiuno. Mama wote wakasikitika. Nilisema jipu itamuvunja katikati kabla ya Noeli. Wakasikitika zaidi. Kisha nikatoa risasi yangu kubwa: nilisema ndani ya jipu kama ile hata ostia hazifiki nzima, zinafika unga, na Padri atalazimika kuwapa wakristo wa mulimani komunyo kwa kijiko.

Mama mumoja alifanya ishara ya musalaba. Mama Marie-Louise alinitumia Fanta, tena baridi.

Cédrick alikuwa amesimama mulangoni, amekuja kuchukua mama yake. Aliuliza ni ostia gani hizo nilizozisafirisha, na lini. Nikamuambia mutu anayenuka mazuti ya lori asiulize mambo ya altare. Watu wakacheka. Nilifurahi sana. Halafu yeye, kwa upole kabisa, akaniuliza ile kona ya mwisho ya kupanda Kalangirwa mimi naipandaga na vitesi ya kwanza au na ya pili.

Nikasema inategemea hali ya hewa.

Aliniangalia muda murefu. Sipendi namna anavyoniangaliaga. Kama mutu anayesikiliza motere.

Jumatano, tarehe 5 juin

Balaa imeshuka kwa miguu kutoka mulimani. Jina lake Papa Twizeyimana, katekista wa Kalangirwa. Kalangirwa ni succursale yetu, kanisa ndogo huko juu, Padri anafika mara moja kwa miezi mitatu. Papa Twizeyimana alisikia uvumi wa gari isiyo na sauti, akatembea masaa manne kuja kuikataa.

Alieleza mbele ya Padri na baraza, kofia mukononi. Huko juu telefone haishiki. Hakuna anayejua siku ya Padri, na Padri mwenyewe haijui. Kwa hiyo tangu zamani wanafanya hivi: gari ikianza kupanda, mulima wote unaisikia. Akiisikia, yeye anapiga kengele. Kutoka kengele mpaka Padri kufika ni nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo watu wanatoka mashambani, wananawa miguu, wanavaa, wanavalisha watoto wa ubatizo, wanaleta wagonjwa. Akaongeza, akiangalia chini, kwamba na kasiksi pia, ile pombe ya ndizi, inapata nafasi ya kuingia chini ya kitanda.

Padri alisema hiyo kasiksi hakuijua. Papa Twizeyimana alisema ndiyo maana kelele ni muhimu.

Gari ya kimya, alisema, itamukuta kila mutu shambani. Padri atasali na mbuzi.

Baraza nzima iliitikia kwa kichwa. Papa Kambere alitabasamu kama mutu aliyeuza bati lenye tundu. Ostia zangu zote za jana, bure. Nimelala masaa mawili mchana kwa sababu ya mawazo.

Alhamisi, tarehe 6 juin

Nimeponea chupuchupu, na sijaponea vizuri.

Saa nne nilipita parokia nikiwa na shati jeupe, ili watu wazoee. Papa Kambere alikuwa pale na Ngurumo. Jua lilikuwa kali. Akanirushia ufunguo. Akasema, "Mutoto, weka hiyo jipu kwa kivuli, wewe si shofere?"

Kivuli kilikuwa metre nane. Chini ya kiwango changu, ukiondoa ile pedali. Watu saba waliangalia. Cédrick alikuwa mumoja wao, anatafuna muwa.

Nilipiga hatua tatu, nikaanguka. Nilianguka vizuri, na kilio. Nilishika muguu wa kushoto nikasema umeteguka. Papa Kambere akasikitika, akachukua ufunguo, akaiweka jipu kivulini mwenyewe. Ushindi.

Lakini watu wa hapa wana roho nzuri, hilo ndilo tatizo. Walinibeba mpaka nyumbani. Mama aliita muzee anayenyoosha mifupa. Nilimuambia muzee huyo kwamba muguu umekwisha kupona. Alisema wote wanasemaga hivyo. Vijana wawili wakanishika mabega, na yeye akaunyoosha muguu ambao ulikuwa umenyooka. Nilisikia kitu kikisema "ka".

Sasa umeteguka kweli. Umefungwa majani, unanuka mboga.

Nikiwa nimelala nilifikiri. Kichwa changu kinafanya kazi vizuri nikiwa na maumivu. Shida ya Sofa ni nini? Sauti. Sauti ni kitu gani? Ni kitu unaweza kukopa.

Ijumaa, tarehe 7 juin

Nilichechemea mpaka kwa Cédrick. Nilimuambia, bila kinyongo, kwamba kama mutaalamu ningependa kusikiliza afya ya motere ya Ngurumo. Awashe, akanyage, apande na kushuka vitesi, kama yuko kwenye mulima. Alifanya yote bila swali hata moja. Mimi nilikuwa nimeshika telefone chini ya kapot, kile kifuniko cha motere, narekodi. Dakika ishirini za mungurumo safi.

Mwishowe akauliza kama afya ni nzuri. Nikasema kuna kikohozi kidogo. Akasema asante, daktari.

Halafu nikaazima megafone ya korali. Nilisema ni ya mazoezi. Nikachomeka telefone ndani, nikajaribu nyuma ya nyumba. Kuku watatu wa jirani waliruka ukuta na mumoja hajarudi. Mama alitoka mbio akidhani Padri amekuja kututembelea, tayari amevaa kitenge cha misa.

Niko na akili ya kutisha. Ningemaliza shule, nchi ingekuwa na shida.

Jumamosi, tarehe 8 juin

Baada ya salongo, tulipomaliza kufagia avenue, nilikwenda kumuomba Mama Marie-Louise ruhusa ya kuzoea gari. Niliendesha Sofa uani kwake: metre kumi mbele, metre kumi nyuma. Mara arobaini. Alisema hajawahi kuona shofere mwangalifu namna hii. Muguu wa kushoto ulikuwa umekaa tu, unanuka mboga, hauna kazi. Gari ya muungwana.

Akaniomba niipeleke parokia ikashibe umeme. Yeye alikaa mbele, mimi nikashika volani. Ni kona tatu. Sikuwa nimewahi kukata kona. Nilizikata kama mutu anayekata keki ya bosi. Bibi arusi mumoja na wasindikizaji wake walitupita kwa miguu.

Niliichomeka kwa prizi ya sakristia. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikaenda zangu kunywa chai.

Sikujua kwamba ile prizi ni ndugu wa prizi ya mikrofoni. Wala kwamba yule bibi arusi alikuwa anakwenda hapo hapo. Padri alikuwa amefika kwenye kiapo, disjonkta, ile swichi ya kulinda umeme, ikaruka, kanisa likawa giza na kimya. Padri akalazimika kupiga kelele maneno ya kiapo. Bwana arusi, mutu mwenye haya, akapiga kelele na yeye. Bibi arusi alipojibu, walimusikia mpaka kambi ya jeshi ya Katindo, na inasemekana askari mumoja wa pale alijibu "présent", kama anaitwa jina.

Padri alitoka sakristia akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. Aliuliza ni nani. Nikasema umeme wa siku hizi hautabiriki.

Jumapili, tarehe 9 juin

Imetangazwa. Kesho Sofa itapanda Kalangirwa kwa majaribio. Mimi naendesha, Mama Marie-Louise shahidi. Keshokutwa asubuhi Ngurumo itapanda, Cédrick anaendesha. Jioni baraza inakata shauri.

Papa Twizeyimana amekwisha kurudi mulimani, kabla ya tangazo. Alisema Padri akija na gari yoyote, yeye ataketi na kamba ya kengele mukononi. Akiisikia gari, sawa. Asipoisikia, jibu ni hilo.

Ataisikia.

Mama amepiga pasi shati mara mbili. Anauliza kama mushahara utatosha mabati mapya, maana mvua ikianza septembre ile nyumba yetu inanyesha ndani kuliko nje. Nikasema Mama, tulia. Mimi sikutulia.

Jumatatu, tarehe 10 juin

Naandika haya usiku. Nitaenda kwa mupangilio.

Tulitoka saa mbili. Ndani ya muji tulikwenda kwa mwendo wa mazishi. Chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyobeba viazi ilitupita, na mwenyewe akageuka kutusalimia. Mama Marie-Louise aliuliza kama kuna tatizo. Nikasema naisikiliza barabara.

Njia ya Kalangirwa si njia. Ni volkano iliyosahau kuondoka. Mawe meusi yanasimama kama meno, na Sofa ina tumbo la chini. Kila jiwe lilisema jambo chini yetu, na kila mara Mama Marie-Louise alifunga macho. Lakini tulipanda. Kwenye daraja la mwisho nikasimama, nikafunga megafone juu ya gari kwa kitenge kimoja cha kwake, nikabonyeza telefone.

Ngurumo ikaanguruma. Mulima mzima. Ndege waliondoka. Mama Marie-Louise aliuliza hiyo ni nini, nikasema ni teknolojia. Na kutoka juu, mbali, safi kabisa, kengele ikajibu.

Nililia kidogo. Sioni haya.

Tukafika. Sofa ikapanda juu ya jiwe la mwisho, tumbo likakaa, magurudumu mawili yakabaki hewani. Sikujali. Nilifungua mulango ili nipokee pongezi.

Walikuwa kama watu mia mbili. Wamenawa. Wamevaa. Watoto kumi na wanne wa ubatizo, wote weupe kama maziwa. Wachumba wawili waliongoja tangu Pasaka. Mama muzee mugonjwa juu ya kipoyi, machela ya miti, ameletwa na vijana wanne kutoka kilima kingine. Wakaimba wimbo wa kumupokea Padri. Papa Twizeyimana akaja na kitambaa chake cha katekista, akafungua mulango wa nyuma kwa heshima.

Akatoka Mama Marie-Louise na miwani ya jua.

Papa Twizeyimana aliangalia ndani. Akaangalia kiti cha mbele. Akafungua hata bute, sanduku la nyuma. Kisha akaniuliza, polepole, Padri yuko wapi.

Hapa mutu mwingine angesema ukweli. Mimi nilisema yuko nyuma, anakuja.

Basi wakakaa wakangoja. Waliimba nyimbo zote wanazozijua. Walipozimaliza wakarudia. Watoto wa ubatizo wakaanza kulia mumoja mumoja, halafu wote kumi na wanne. Yule mama wa kipoyi aliuliza kama atamuona Padri leo, maana hana uhakika wa kesho. Aliniuliza mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Na telefone ilikuwa imekwama, inarudia rekodi ile ile bila kukoma. Gari imezimwa, ufunguo uko mukononi mwangu, magurudumu hewani, na juu yake Ngurumo inaendelea kunguruma, inabadilisha vitesi, inapanda mulima ambao haupo. Papa Twizeyimana alizunguka gari mara mbili. Akapanda juu ya jiwe. Akafungua kile kitenge.

Sitaandika alichosema. Ni katekista, nalinda jina lake.

Mama wazee wakasimama. Kila mumoja alichukua jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu. Walieleza kwa adabu kwamba kengele imelia, kwa hiyo misa itakuwa. Gari na sisi tutabaki mpaka Padri afike. Wakamuletea Mama Marie-Louise kiti, bugali na sombe. Mimi hawakuniletea. Kijana mumoja wa motari, mwenye pikipiki, akatumwa muji kumuita Padri.

Saa tisa tuliisikia Ngurumo ikipanda, ile ya kweli. Watu wakamuangalia Papa Twizeyimana. Yeye akakunja mikono, akasema kengele hapigi tena, hawezi kudanganywa mara mbili kwa siku moja. Padri akafika na Cédrick, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika kiuno, na hakuna aliyesimama. Katekista akapiga kelele kwamba huyo kijana azime hiyo redio.

Padri alishuka mwenyewe. Alikwenda kwanza kwenye kipoyi. Kisha wakabatizwa wote, wakafunga ndoa wote, na maungamo yakawa ya kila aliyekuwa pale. Nami niliungama. Padri alisema nifupishe.

Na bado haikuisha. Ili kuitoa Sofa kwenye jiwe ilitakiwa mukono wa Cédrick. Aliishusha kama mutu anayeshusha mutoto aliyelala. Papa Twizeyimana na vijana wakavunja meno mawili ya njia, wakasema la tatu watalivunja kesho. Padri akasema atarudi ndani ya Sofa na Cédrick, mugongo umekataa. Halafu akanigeukia, akasema mimi nishushe Ngurumo.

Nilisema muguu. Cédrick akasema alituona tukitoka asubuhi, muguu huo haukuchechemea, na sasa unachechemea wa kulia.

Nikapanda. Nikakanyaga. Ngurumo ikaruka kama mbuzi, ikafa. Nikawasha, ikaruka, ikafa. Watoto wa Kalangirwa walisimama kwa mustari wakahesabu kwa Kifaransa. Mwalimu wao anaweza kujivuna, walifika neuf, yaani tisa, bila kosa.

Mama Marie-Louise alifungua mulango. Akasema, "Shuka, mwanangu." Akavua viatu vyake, akaviweka mapajani mwangu, akakaa kwa volani. Mume wake marehemu alikuwa na lori ya njia ya Bukavu, alieleza, na yeye ndiye aliyekuwa anaiendesha mume akilewa. Alituteremsha mpaka muji, breki hakuigusa hata mara kumi. Alikuwa anaimba.

Mimi nilishika viatu.

Jumanne, tarehe 11 juin

Baraza imekata. Niliketi nyuma kabisa, chini ya dirisha, kichwa nimekiinamisha.

Papa Kambere alisimama kuisifu jipu yake, lakini Padri alimusimamisha taratibu. Akasema jana, akishuka kutoka Kalangirwa, alilala. Tangu Pasaka hajalala hata kitandani, na jana alilala ndani ya gari, juu ya mawe, kiti kikimupasha mugongo. Anaomba hibridi. Njia Papa Twizeyimana anaitengeneza, na Cédrick anajua jiwe lipi la kupitia.

Sofa imeshinda. Gari yangu. Shofere ni Cédrick.

Mutu mumoja akauliza, na sauti je? Cédrick alisema kwenye daraja la mwisho atapiga klaksoni, ile honi ya gari, mara tatu.

Klaksoni. Nilishika ile volani siku nzima na klaksoni iko katikati, kubwa kama sahani.

Mama Marie-Louise alisema anafurahi, lakini kama Papa Kambere hana kazi na ile jipu, yeye angeiomba siku za Jumapili. Papa Kambere, aliyekuwa amenuna, akaacha kununa. Alisema jipu itabaki parokia, mafuta juu yake, kwa kubeba simenti na wagonjwa, itatafutiwa shofere wa pili.

Nilikwenda kwa Carlos. Kwa kupita tu. Nilimuuliza saa. Alivuta mukono wa shati ukafunika saa yake.

Jumatano, tarehe 12 juin

Padri ameniita. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu, hakutaka hata moja. Alisema hana hasira na gari wala na megafone. Alisema yule mama wa kipoyi aliningoja mimi niseme ukweli, na mimi niliangalia viatu.

Kisha akasema ile kazi ya pili, ya jipu, iko wazi mpaka sikukuu ya Asompsio, katikati ya août. Nikijua kuendesha kufikia siku hiyo, ni yangu.

Nje Cédrick alikuwa anaosha Sofa, vibaya sana, anaacha alama za maji. Aliniambia nije Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa parokia, peke yangu. Atanionyesha ambreyaji, ile pedali ya klachi. Bure. Alisema kila mutu ameua motere, yeye mwenyewe aliua ya mujomba wake kwa wiki mbili. Alisema hatamuambia mutu.

Nilimuangalia vizuri ili nione dharau iko wapi. Sikuiona. Anaificha vizuri.

Nyumbani Mama alikuwa ameketi mulangoni, shati jeupe magotini, anashona kifungo kilichokatika mulimani. Aliuliza Padri amesema nini. Aliuliza taratibu, bila kuinua macho. Mama wa avenue nzima wamekwisha kumucheka tangu jana, najua.

Nilitaka kusema Cédrick ananifundisha. Nilifungua mudomo kabisa kwa hayo maneno.

Nikasema kuanzia Jumatatu namufundisha Cédrick.

Alhamisi, tarehe 13 juin

Mama amelala vizuri. Saa moja asubuhi alikuwa tayari ameambia shirika. Saa tatu alikuja mama wa kwanza na kijana wake, akiuliza kama naweza kumuweka pamoja na Cédrick, maana anayemufundisha shofere wa Padri lazima anajua mengi. Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa ameleta samaki.

Saa sita walikuwa watano. Saa tisa Mama Marie-Louise alituma mupwa wake, na salamu kwamba ananicheka lakini anamutuma tu. Sasa ni kumi na mumoja. Wote wanakuja Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa parokia, na jipu ni ile ile.

Nimefikiri sana. Suluhisho ni rahisi. Nitamuomba Cédrick aje saa kumi na moja. Saa kumi na moja anifundishe, saa kumi na mbili nifundishe. Saa nzima kwa pedali moja. Wengine wanasoma miezi sita kwa sababu hawana akili.

Mama ananishonea shati la pili, la rangi ya mwalimu. Nimechora na bango: AUTO-ÉCOLE FISTON, UZOEFU WA MIAKA MITATU, MAGARI YA KILA AINA. Limebaki jambo moja dogo la kumuuliza Cédrick, kiufundi tu, kwa faida ya wanafunzi: kati ya zile pedali tatu, ambreyaji ni ipi.